Nani kasema Singida hakuna ufukwe?

Jumatano, saa nne na nusu usiku, hosteli.

Najua nimepotea wiki mbili nzima. Msinilaumu, testi zilifuatana kama mabehewa ya treni, halafu bumu nalo likachelewa, nikawa nashindia chai ya rangi na chapati moja. Leo nimerudi na nina hoja. Nina hasira kidogo pia, ila ni hasira ya kistaarabu.

Iko hivi. Tangu mwezi uliopita sisi watu kumi na wawili wa hosteli yetu tumekuwa tukicheza mpira kando ya ziwa Singidani, pale penye mchanga. Tunacheza peku, watano kwa watano, wawili wanasubiri nje. Mchezo ukanoga, watazamaji wakaanza kuja, tukaona basi tuombe rasmi. Tukaandika barua kwa wahusika wa michezo hapa chuoni. Tuliomba vitu vitatu tu: mipira miwili, nyavu za magoli, na soka la ufukweni liandikwe kwenye ratiba ya bonanza la mwisho wa muhula.

Barua imerudi jana. Jibu ni mstari mmoja kwa kalamu nyekundu: mchezo hauendani na mazingira ya Singida. Mhusika mmoja akaniongezea la mdomo tukiwa kwenye kimbweta, mbele za watu: "Kaka, ufukweni ni Dar na Zanzibar. Nyie Wanyaturu na bahari wapi na wapi?" Kimbweta kizima kikaangua kicheko. Hata mwenzangu wa chumba, kijana wa Tanga ambaye ndiye golikipa wetu, alicheka mpaka akashika tumbo.

Na mimi nikacheka, ningefanyaje. Ila usiku usingizi ukakataa. Nikajiuliza, hivi huu mchezo umetoka wapi? Na ni kweli ni mali ya watu wa pwani? Nikaanza kusoma, na leo nawaletea nilichokipata. Kaeni mkao wa kula, historia ni ndefu kidogo lakini ina utamu wake.

Tuanzie Brazil. Pale Rio de Janeiro watu walikuwa wakicheza mpira mchangani miaka na miaka kabla mtu hajafikiria kuandika kanuni. Kila mtaa ulikuwa na timu na utaratibu wake. Mwaka 1992 ndipo kanuni zikaandikwa na mchezo ukapewa umbo tunalolijua. Mwaka 1993 yakafanyika mashindano ya kwanza ya kulipwa kule Miami, Marekani, kati ya Brazil, Argentina, Italia na wenyeji. Halafu mwaka 1995 ufukwe wa Copacabana ukapokea mashindano ya kwanza ya dunia ya timu za taifa. Brazil wakalibeba nyumbani kwao. Kwenye kikosi chao alikuwemo Zico, yule yule wa Kombe la Dunia la 1982. Yaani mzee mzima, jina kubwa duniani, kavua viatu kaingia mchangani.

Kwa miaka kumi mashindano hayo yakawa hivyo hivyo, nchini Brazil kila mwaka, na mabingwa ni Brazil karibu kila mwaka. Mwaka 2005 FIFA wakayachukua, wakayaita Kombe la Dunia la Soka la Ufukweni. La kwanza likachezwa hapo hapo Copacabana, na watu wakapigwa butwaa: Ufaransa ndio waliochukua, kwa penalti, mbele ya Ureno. Kocha wao alikuwa Eric Cantona, yule wa Manchester United aliyekuwa akisimamisha kola. Afrika mwaka huo ilikuwa na timu moja tu, Afrika Kusini.

Kabla sijaenda mbele, niwaeleze kidogo kanuni, maana kuna watu walinicheka na hata hawajui wanachokicheka.

Timu ina wachezaji watano uwanjani pamoja na kipa. Kubadilisha wachezaji hakuna kikomo, unatoka unapumua unarudi. Mechi ina vipindi vitatu vya dakika 12. Uwanja una urefu wa mita 35 hadi 37 na upana wa mita 26 hadi 28, na mchanga lazima uwe na kina cha sentimita 40 angalau. Ukichezewa faulo unapiga mwenyewe, si kwamba mnamwita fundi wenu wa friikiki, na wapinzani hawaruhusiwi kujenga ukuta. Sare haipo. Mkitoshana nguvu mnaongezewa dakika 3, bado mkitoshana mnapiga penalti. Ukishinda ndani ya muda wa kawaida unapata pointi 3, kwenye nyongeza 2, kwa penalti 1.

Na kanuni ninayoipenda kuliko zote: viatu marufuku. Ukijifunga bandeji kwenye kifundo cha mguu ni sawa, ukivaa miwani ni sawa, ila ukija na viatu refa anakutoa nje ukavivue. Hii kanuni ishikilieni, nitairudia.

Kwa kuwa mchanga haukubali mpira utambae, mpira unapigwa juu juu. Unaunyanyua kwa vidole, unautuliza kifuani, unapiga kabla haujagusa chini. Tikitaka ni jambo la kawaida kabisa, kwa sababu ukianguka unaangukia godoro. Na kwa kuwa uwanja ni mdogo, kila mtu anaweza kufunga, hata kipa. Mechi moja kuwa na mabao manane au tisa si ajabu.

Sasa tuje Afrika. Mashindano ya bara yalianza mwaka 2006 Durban, Afrika Kusini, na Kameruni wakawa mabingwa wa kwanza. Nigeria wakachukua 2007 na 2009. Senegal wakaonja mara ya kwanza 2008, na baada ya hapo wakafanya kombe kuwa kama sufuria la nyumbani kwao: 2011, 2013, 2016, 2018, 2021, 2022 na 2024. Jumla mara nane. Katikati hapo mwaka 2015 Madagaska waliwaponyoka wakachukua kule Shelisheli. Senegal hao hao mwaka 2021 waliwatoa Brazil robo fainali ya Kombe la Dunia kule Moscow, wakafika nusu fainali. Na mwaka 2025, kwa mara ya kwanza, Kombe la Dunia lenyewe lilichezwa Afrika, pale pale Shelisheli. Visiwa vidogo mno, watu wake wote hawafiki hata robo ya watu wa mkoa wetu huu, wakaandaa Kombe la Dunia.

Na sisi Watanzania je? Hapa ndipo niliposimama nikasoma mara mbili, wadau. Mwaka 2014 TFF walipotaka kuuotesha mchezo huu nchini, hawakuanza na Simba wala Yanga. Walianza na vyuo! Ligi ilichezwa na timu za vyuo vya Dar es Salaam, kwenye mchanga wa Escape One. Wanafunzi kama mimi na wewe, wenye madesa na madeni ya kafteria, ndio waliokuwa wa kwanza kuingia. Mwaka uliofuata, 2015, tayari tulikuwa na timu ya taifa, ikakutana na Kenya kuwania kwenda Shelisheli. Tukawatoa Kenya, halafu Misri wakatutoa sisi. Siyo mbaya kwa mchezo ambao mwaka mmoja nyuma ulikuwa wa wanachuo.

Halafu ikaja 2018. Mwaka ule ndio mkubwa kwetu. Tulifuzu kwa mara ya kwanza kwenda fainali za Afrika, Sharm El Sheikh, Misri, mwezi Desemba. Kocha alikuwa Boniface Pawasa. Wadogo zangu hamumjui, waulizeni kaka zenu: beki wa Simba ile ya 2003 iliyowavua ubingwa wa Afrika Zamalek hukohuko Cairo kwa penalti. Mtu aliyezoea njumu na uwanja wa taifa, akakubali kwenda kufundisha watu peku. Desemba hiyo hiyo Dar es Salaam ikawa mwenyeji wa mashindano ya kimataifa, Copa Dar es Salaam, pale Coco Beach, kwenye harufu ya mihogo ya kukaanga. Timu zilikuwa nne: Tanzania, Shelisheli, Malawi na Uganda.

Hebu simama hapo hapo. Soma tena majina hayo manne, taratibu.

Malawi ina bahari? Haina. Ina ziwa. Uganda ina bahari? Haina. Ina ziwa. Yaani katika mashindano ya kimataifa ya soka la ufukweni yaliyochezwa kwenye ardhi yetu, nusu ya timu zilitoka nchi ambazo bahari wanaiona kwenye ramani tu. Hakuna aliyewaambia pale Coco Beach, "nyie na bahari wapi na wapi?" Walivua viatu, wakaingia, wakacheza.

Na hawakuishia hapo. Uganda walikuwa Dakar kwenye fainali za Afrika za 2021, sisi pia tulikuwepo. Mwaka 2022 fainali zilikuwa Vilankulo, Msumbiji. Uganda wakaenda tena, Malawi wakaenda. Tanzania yenye pwani kuanzia Tanga mpaka Mtwara, yenye Unguja, Pemba na Mafia juu yake, haikuwepo. Mwaka 2024 kule Hurghada, Misri, tulirudi, na Malawi walikuwepo vile vile. Kwa hiyo fainali za Afrika tumezicheza mara tatu, 2018, 2021 na 2024, na mara zote tumerudi kabla ya nusu fainali.

Nikaona nisiishie Afrika, nikatafuta duniani. Mwaka 2009 Kombe la Dunia lilikuwa Dubai. Fainali ilikuwa Brazil na nani? Uswisi! Nchi ya milima na theluji, imezungukwa na nchi kavu pande zote. Walifungwa 10 kwa 5, ndiyo, lakini walikuwa fainali, na mfungaji bora wa mashindano alikuwa wa kwao, Dejan Stanković, mabao 16. Mwaka 2025 Shelisheli, fainali Brazil na nani? Belarusi. Nayo haina bahari hata tone. Brazil walitoka jasho, wakashinda 4 kwa 3.

Ila iliyonimaliza kabisa ni Paragwai. Nchi iko katikati ya Amerika ya Kusini, haina pwani. Mwaka 2019 waliandaa Kombe la Dunia la Soka la Ufukweni. Walifanyaje? Hawakuhamisha nchi. Walijenga uwanja mji wa Luque, wakajaza mchanga, basi. Ureno wakaifunga Italia 6 kwa 4 kwenye fainali, na dunia nzima iliangalia. Uwanja wenyewe wakauita Los Pynandi. Pynandi ni neno la Kiguarani, lugha ya wenyeji wa kule, na maana yake ni watu wa peku.

Nilipofika hapo niliweka simu chini nikatoka nje kupunga upepo. Si mnaujua upepo wa Singida, usiku unakupiga mpaka masikio yanauma. Nikamkumbuka baba yangu.

Mzee wangu ni mkulima wa alizeti na vitunguu upande wa Ilongero. Nilipokuwa mdogo tulikuwa tunacheza mpira kwenye korongo la mchanga kiangazi, mpira wa makaratasi na mifuko ya nailoni, tumefunga kwa kamba za katani. Baba akinikuta peku alikuwa hanichapi kwa kucheza, ananichapa kwa peku. "Mimi nimesoma peku mpaka la saba kwa sababu viatu havikuwepo. Wewe unavyo. Unavua unamwonyesha nani?" Kwa mzee wangu mguu mtupu ni umaskini, na umaskini ni kitu cha kukimbia, si cha kuchezea. Ndiyo maana mpaka leo sijawahi kumwambia kwamba nikiwa chuo, kwa hela yake ya vitunguu, jioni navua viatu nakimbia mchangani.

Na si baba peke yake. Historia ya mpira wa Afrika imebeba hiyo aibu ya viatu. Mwaka 1949 timu ya Nigeria ilikwenda kutembea Uingereza ikacheza karibu yote peku. Mwaka 1956 Waganda nao wakaenda Uingereza, wengi wao peku vile vile. Uganda hawakuwa wageni wa mpira, walikuwa wakigombea Kombe la Gossage na Kenya tangu 1926, na Tanganyika ikajiunga 1945. Walikuwa wanaujua mpira barabara. Lakini Waingereza waliotoka kutazama walitazama kwanza miguu, halafu ndipo mpira. Wakaandikwa kama kioja. Baada ya hapo kila mtu Afrika akawa anavaa viatu, na mguu mtupu ukabaki kuwa alama ya kwamba hujafika.

Sasa miaka hamsini mbele, 2005, FIFA hao hao wanaendesha Kombe la Dunia ambalo kanuni inasema Mfaransa avue, Mreno avue, Mbrazili avue, wote sawa. Kitu walichochekewa babu zetu ndicho sasa kinasomwa na refa kutoka kwenye kijitabu. Sisemi umaskini ni mzuri, mzee wangu asije akanielewa vibaya. Nasema kuna jambo tulilokuwa nalo siku zote, tukaambiwa ni aibu, na wenzetu wakaligeuza kuwa mashindano. Mtoto wa Ilongero, wa Mkalama, wa Manyoni, anayecheza korongoni kuanzia Juni mpaka Oktoba, tayari ana nyayo na pumzi za mchezo huu. Anakosa mtu wa kumwambia kwamba mchezo wake una jina, una kanuni na una timu ya taifa.

Najua kuna mtu atasema, "hizo ni hadithi, leta hesabu." Haya, hesabu hizi hapa, mimi si nasoma uhasibu? Uwanja mdogo kabisa unaokubalika ni mita 35 kwa 26, kina sentimita 40. Zidisha. Unapata mita za ujazo 364 za mchanga. Lori la tipa la mita 7 litakwenda safari 52. Ni nyingi, sikatai, na hapo sijaweka nafasi ya pembeni. Lakini Singida mchanga hauagizwi nje ya nchi. Unazolewa makorongoni kila siku kujengea nyumba za watu. Na kwa sisi wa bonanza hata lori moja hatuhitaji, maana kando ya ziwa mchanga upo. Sehemu nyingine kuna tope na magadi, hiyo nakubali, ila kipande chetu tumekichagua wenyewe. Jumamosi mbili tulishinda tunaokota mbigili na vipande vya chupa kwa mikono, tumeinama mstari mmoja kama watu wanaopalilia. Mbigili za Singida mnazijua, hazina urafiki na mtu. Watoto wanaochunga pale jirani walituona wakaja kusaidia, na siku hizi wao ndio mashabiki wetu wakubwa.

Halafu hilo neno lenyewe, ufukwe. Nani kasema ufukwe ni wa bahari tu? Nendeni Mwanza, nendeni Bukoba, nendeni Kigoma, watu wanasema ufukwe wa ziwa na hakuna anayewasahihisha. Singidani ni ziwa. Kindai ni ziwa, na yote mawili yako hapa hapa mjini. Kitangiri kule Iramba ni ziwa. Mkoa wenyewe, ukiangalia, tuna maji yaliyozungukwa na mchanga kuliko tunavyojisifu. Sisi wenyewe ndio tumekubali kuitwa watu wa nchi kavu, tukimaanisha watu wa kukosa.

Na Singida si mkoa wa kukosa mpira, jamani. Mwaka 2017 Singida United ilipopanda Ligi Kuu mji huu haukulala, na mwaka uliofuata ikafika fainali ya Kombe la FA. Kwamba ilishuka 2020 ni habari nyingine, inauma, tuiache. Uwanja wetu tuliokuwa tunauita Namfua sasa unaitwa Liti, kwa jina la Liti Kidanka, mama wa Kinyaturu ambaye simulizi za wazee zinasema aliwapiga Wajerumani kwa nyuki. Hakusubiri bunduki zitoke pwani. Aliangalia alichonacho mzingani akakitumia. Sitaki kufananisha vita na mpira, ila somo la kutumia kilichopo tumeliandika kwenye ukuta wa uwanja, halafu kwenye barua tunaandika "hauendani na mazingira".

Jana usiku, baada ya kuyasoma yote haya, nikajipa moyo nikampigia mzee. Nikamwamkia, nikamuuliza hali ya vitunguu, nikazunguka zunguka kama kuku anayetaka kutaga. Mwishowe nikasema:

"Baba, kuna mpira tunacheza huku. Tunacheza bila viatu."

Kimya.

"Viatu nilivyokununulia viko wapi?"

"Vipo baba. Ni kanuni. Ukivaa refa anakutoa nje."

"Refa wa wapi huyo?"

"Wa dunia nzima baba. Ni Kombe la Dunia kabisa, la FIFA."

Kimya tena, kirefu. Nikadhani salio limekwisha.

"Na Mzungu naye anavua?"

"Anavua baba. Wote wanavua."

Mzee akacheka. Alicheka kicheko ambacho sijakisikia tangu mwaka ule alizeti ilipopata bei. Akasema, "Basi na mimi ningekuwa mchezaji wa taifa." Halafu akaniaga, na kabla ya kukata akaongeza, "Angalia mbigili."

Wadau, mimi jibu langu nimeshalipata pale. Ila barua tunaiandika upya. Safari hii tunaambatanisha vipimo vya uwanja, na mistari miwili ya historia: ligi ya 2014 ilianzia vyuoni, na Paragwai waliandaa Kombe la Dunia bila bahari. Wakikataa tena tutaandika ya tatu. Bonanza lisipotuweka kwenye ratiba, tutacheza siku moja kabla ya bonanza, na tuone watazamaji watakwenda wapi.

Mwenzangu wa chumba, yule wa Tanga aliyecheka, nimemsomea haya yote kabla ya kuyaweka hapa. Alikuwa kimya muda mrefu, jambo ambalo kwake ni nadra. Halafu akasema, "Unajua mimi nimekulia mita mia mbili kutoka baharini, na sijawahi kucheza soka la ufukweni mpaka nilipokuja Singida?"

Mnaona mambo hayo?

Jumamosi saa kumi jioni, kando ya ziwa, kile kipande chenye jiwe kubwa lililolala. Tunacheza sisi wa hosteli na kombaini ya mwaka wa kwanza, vipindi vitatu vya dakika 12, saa ni ya simu yangu. Viatu mtaviacha juu ya jiwe, watoto wa pale wamekubali kuvilinda kwa malipo ya pipi. Yule mhusika wa kalamu nyekundu naye nimemwalika, bila kinyongo. Akija atavua kama sisi wengine.

Kwa leo niishie hapa, nina testi ya kesho kutwa na desa sijaligusa. Usiku mwema wadau, tuko pamoja.